Betri Haianikwi kwenye Mabati

Trizah alikoroga uji, akaupoza, akamnywesha Tete. Tete alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Hakuwa mtoto wake. Aliokotwa kando ya reli mwezi wa kwanza, siku ya vurugu za uchaguzi, nyumba nyingi za mtaa wao wa Gatwekera zilipochomwa na watu wakatawanyika ovyo. Alijua kwamba jina lake ni Tete. Jina la mama yake, alisema, ni Mama. Sasa utamtafuta vipi mtu kwa jina hilo?

Kanisa lilipokea watoto saba wa namna hiyo, na akina mama wakagawana kuwalea. Trizah alikuwa fundi wa kushona nguo. Mwanawe, Ian, alikuwa Bungoma kwa nyanya yake, kwa hiyo kitanda kilikuwa wazi. Mchungaji alimpa pia laptop kuukuu ya kanisa yenye picha za watoto wote. Kila siku alimwacha Tete kwa jirani, akaenda nayo kwenye kambi ya wakimbizi pale Jamhuri, akaonyesha picha hema kwa hema.

"Watoto wenyewe wabaki nyumbani," mchungaji alisema. "Mtu asije akadai mtoto asiye wake. Mzazi wa kweli atatuambia alama ya mtoto."

Kazi ilikuwa njema. Betri ndiyo iliyokuwa balaa. Laptop ilichukua dakika tatu kuwaka, ikaonyesha picha kwa dakika mbili, halafu ikazima. Hema moja tu, basi. Kambini hapakuwa na umeme. Gatwekera nako nyaya zilikuwa zimeungua. Ili apate chaji, ilibidi Trizah atembee hadi Kawangware.

Jumatatu alisikia habari iliyomkata maini. Jumamosi malori yangekuja kuwachukua watu wa kambini, yawapeleke kwao mkoani Western.

"Mama yake Tete akipanda lori, tutampata wapi?" alimwuliza mumewe, Boaz.

Boaz alikuwa seremala, mtu wa kujiamini kupita kiasi. "Hiyo betri niachie mimi," alisema.

Jumanne mchana Trizah alirudi akaikuta betri juu ya paa, juani.

"Baba Ian! Hiyo inafanya nini kwa mabati?"

"Nimeianika. Kwetu betri za redio zikichoka tunazianika, zinarudisha nguvu. Babu yangu alikuwa anasikiza habari mwezi mzima na betri za kuanika."

Trizah aliigusa, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa na joto kama kikaango cha chapati. Ilipopoa waliijaribu. Laptop ilizima hata kabla ya picha ya kwanza. Trizah alikasirika kweli, na hakuficha.

Jumatano asubuhi walikwenda Kawangware kwa Kimanzi. Kimanzi alikuwa Mkamba wa Kitui, fundi wa redio na simu. Kibanda chake kilifungwa wakati wa vurugu, sasa alifanyia kazi nyumbani. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefungwa bandeji, kwa sababu alianguka akikimbia.

"Niaje, Mama Ian. Leta nione," alisema. Akaigeuza betri, akainusa, akaipapasa pande zote. "Nani ameichoma hivi?"

"Jua," Boaz alijibu polepole.

Kimanzi alicheka hadi akakohoa. "Mna bahati haijavimba. Ingevimba, ama inuke harufu tamu-tamu, ama ivuje, hatungeifungua. Ile ya redio ya babu ni kitu ingine kabisa. Hii ukiichoma na jua inaweza kulipuka, iondoke na nyumba. Haya, Mama Ian, mikono ni yako, mdomo ni wangu. Mimi vidole vimekataa."

"Mimi? Mimi nashona nguo, Fundi."

"Ndio maana. Mkono wako hautetemeki. Kwanza toa pete."

Trizah aliivua pete ya ndoa. Kimanzi alieleza kwamba chuma chochote kikigusa kwa pamoja ncha mbili za seli, vile vibetri vya ndani, moto hutoka hapo hapo. Alileta ndoo ya mchanga mkavu, akaiweka karibu na meza. Trizah alipitisha kisu butu kwenye mshono wa kava, taratibu, kama anayefumua pindo la sketi. Kisu hakikuzama ndani. Kava likaachia.

Ndani mlikuwa na seli sita, nene kama vidole gumba, zimepangwa mbili-mbili. Pembeni kulikuwa na kibao kidogo chenye nyaya nyembamba.

"Usiguse bado. Chora kwanza," Kimanzi aliamuru. "Kila waya inaenda wapi, chanya iko wapi, hasi iko wapi. Kichwa kinasahau."

Trizah alichora. Kisha alipima kila seli kwa mita ya umeme. Nne zilisoma zaidi ya volti tatu. Mbili zilisoma karibu na sufuri.

"Hizo mbili zimekufa," Kimanzi alisema. "Sasa, Baba Ian, utaenda Luthuli pale mjini kwa wauza spea, na utanunua..."

Boaz alikwisha kutoka mlangoni. Hakungoja sentensi iishe. Alirudi alasiri na seli mbili mpya, akiringa.

"Nilitaka kusema sita," Kimanzi alisema.

"Sita za nini? Mbaya ni mbili! Kwa tochi mimi hubadilisha moja tu na inawaka."

"Tochi ikikataa inafifia tu. Hizi zinachajiwa, kaka. Seli ya zamani inajaa haraka. Mpya bado inakunywa. Kwa hivyo moto wa umeme unaendelea kuingia, ile ya zamani inazidiwa, inapata joto, inapasuka. Wewe ukibadilisha miguu miwili ya meza mbovu, ile mingine inapona?"

Boaz alizirudisha seli mfukoni. Meza aliielewa.

"Zote sita ziwe mpya," Kimanzi aliendelea. "Aina moja, nguvu moja, zinunuliwe siku moja. Na uchukue zile ziko na vibati vimeshashikishwa kwa ncha na kiwanda. Sikiza mpaka mwisho safari hii."

Siku ilikuwa imepotea. Trizah alirudi nyumbani, akamlaza Tete, akahesabu siku kwa vidole. Zilibaki mbili. Aliogopa, na alimwambia Boaz kwamba anaogopa. Boaz aliomba radhi.

Alhamisi saa tatu asubuhi seli sita zilikuwa mezani kwa Kimanzi. Trizah alizipima zote. Zilisoma sawa.

"Zikitofautiana, usiunganishe," Kimanzi alisema. "Sasa washa chuma cha lehemu. Lakini usiguse seli yenyewe na hicho chuma. Seli haitaki joto. Gusa kibati tu, hesabu moja, mbili, toa."

Trizah alishika chuma cha moto. Akagusisha uzi wa lehemu kwenye kibati, ukayeyuka, ukashika. Moja, mbili, toa. Kila alipomaliza kiungo kimoja alikifunika kwa selotepu ya umeme ndipo akaenda kwa kingine. Jasho lilimtiririka. Boaz alishika mchoro mbele yake kama mwanafunzi mtiifu.

"Sasa kile kibao kidogo. Hicho ni askari, kinazuia chaji isizidi. Usikitupe hata siku moja. Anza na waya ya hasi. Halafu zile za katikati. Chanya iwe ya mwisho."

"Ikikataa kuwaka?"

"Inaweza. Zingine kibao kinajifunga kikikosa umeme, na hapo huna la kufanya. Sitakudanganya."

Trizah aliunganisha kibao, akafunga kava, akairudisha betri kwenye laptop, akachomeka chaja. Wote watatu walikodolea macho kitaa kidogo cha chaji. Hakikuwaka. Halafu kikawaka rangi ya machungwa.

Boaz alipiga makofi. Kimanzi alimkatiza. "Bado. Chaji ya kwanza inalindwa. Ikae juu ya sementi, si kitandani, na hakuna mtu anatoka hapa. Gusa kila baada ya muda. Ikipata moto sana, chomoa, peleka nje."

Walikaa hapo hadi jioni, wakinywa chai ya rangi. Betri ilikuwa vuguvugu tu. Seli sita za zamani Kimanzi alizifunga ncha kwa selotepu, akaziweka kwenye mkebe azipeleke kwa wanunuzi wa vyuma na spea za kompyuta. "Kwa takataka, hapana," alisema. "Kule wanachoma taka kila siku."

Ijumaa Trizah aliingia kambini mapema. Hema la kwanza, la pili, la tano. Laptop iliendelea kuwaka. Kufikia saa sita alikuwa amepita mahema ishirini, na wazazi wa watoto wawili walikuwa wamepatikana. Lakini si wa Tete. Watu wengine walikuwa tayari wanafunga mizigo.

Saa tisa alifika mahema ya mwisho, karibu na ua wa kambi. Mwanamke mmoja alikuwa akikunja blanketi. Jina lake lilikuwa Mideva. Trizah alifungua picha. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanamke alitikisa kichwa. Wa sita, hapana. Ilipofika picha ya saba, blanketi lilianguka.

Trizah alitaka kulia, lakini alikumbuka neno la mchungaji. "Ana alama gani, dada?"

"Kisigino cha kushoto. Alimwagikiwa na chai. Baba yake alisema kovu liko kama harage." Aliigusa skrini. "Anakula?"

"Anakula. Leo amemaliza uji wote."

Kila asubuhi Trizah aliosha miguu ya Tete. Alilijua harage hilo.

"Nikunje laptop twende?" aliuliza. "Ni mwendo wa nusu saa tu."

"Ngoja kidogo," Mideva alisema. Alikaa chini, akaipakata laptop, akaitazama ile picha. Aliitazama kwa muda mrefu sana, naye Trizah hakumharakisha. Skrini haikuzima.