Mwenye Maji Kapanda Gari

Jua lilikuwa limeegemea minazi ya kijiji cha Kanga nilipotumwa maji. Mimi, Luqmani mwana wa Chiku, niliyewahi kumfukuza kiboko shambani kwa kumzomea tu, nikashikishwa madumu mawili kama mtoto wa madrasa. Shule niliacha darasa la sita, na si kwa ujinga. Mwalimu alichoka kusahihishwa. Lakini njia za kisiwa hiki cha Mafia nazijua kuliko aliyezichonga, ndiyo maana Azhar alinichukua nimwongoze mpaka Bweni na lile gari lake.

Gari? Nyumba ile. Lori la rangi ya mchanga, matairi yananifika kifuani, na mgongoni limebeba kila kitu: kitanda cha watu wawili, friji, jiko, bafu la maji ya moto. Juu sola tupu. Ukibonyeza kitufe ngazi inashuka, ukibonyeza tena inajikunja kama mguu wa kaa. Siku liliposhushwa Kilindoni watu walilisindikiza kutoka gatini wakidhani benki inahama.

Azhar ni wa Dar. Mkewe, Sarrah, ni wetu, binti wa duka la Hyderali pale Kilindoni. Nyumba yao ya Upanga Azhar kaiuza, ili waishi humo ndani ya gari, porini na barabarani, mpaka wazeeke. Sarrah hakuafiki. Njia nzima walikuwa wanasemezana kwa meno. Mke anataka nyumba yenye msingi, mume anamwambia nyumba yenye msingi ni kaburi lenye madirisha. Mimi katikati nakula korosho zao.

Siku ile tanki lao lilikuwa kavu na pampu ya kijiji imekufa. Kilichobaki ni kisima cha vichakani, anachokitunza Bi Somoe. Nilimpitia kwake nikamwamkia. Aliitika marahaba kama anayetema ganda la muwa. Bi Somoe hapendi mtu. Hata kuku wake humpitia mbali. Akanikumbusha masharti. Viatu uviache huko. Upige hodi. Uchote kwa kata ya kifuu, na kata ya kwanza umrudishie mwenyewe. Chuma kisiguse maji. Ukitosheka, uage.

Mwenyewe ni nani? Hatumtaji.

Nikavua viatu, nikapiga hodi, nikachota, nikarudisha. Dumu la kwanza halijafika nusu nikasikia injini.

Azhar alikuwa kachoka kusubiri. Lori lilikuja likivunja vichaka, Sarrah kakaa mbele kakunja mikono. Azhar akaruka chini na mabuti yake, akavuta mpira mnene wenye ncha ya chuma, akautumbukiza kisimani.

Nilimwambia. Wallahi nilimwambia, tena kwa adabu, kwamba pale hapachotwi hivyo, pana mwenyewe. Akacheka. Akasema kama pana mwenyewe aje alalamike. Sarrah akamsihi amsikilize mjomba Luqmani, naye akajibiwa anyamaze, si ndiye aliyekuwa analilia kuoga?

Pampu ikanguruma.

Gluu... gluu... gluu...

Nikachungulia. Maji yalikuwa yanashuka, lakini si kama maji. Yalikuwa yanang'ang'ania mawe. Yakaisha, mawe yakabaki yanang'aa, na pampu bado inavuta... kitu kizito. Mpira ukavimba mahali pamoja. Uvimbe ule ukatambaa polepole, kama chatu aliyemeza mbuzi, ukapanda, ukaingia ubavuni mwa gari.

Tup.

Lori zima likainama upande mmoja. Kisha likakaa sawa.

Azhar akasema ni upepo umeingia kwenye mpira. Mimi pua yangu ilishapata jibu jingine. Karafuu maiti. Ile harufu ya nyumba ambayo maiti yuko chumbani anaoshwa na nyote mmekaa nje kimya.

Na Sarrah alishapanda kuoga.

Mlango ukajifunga. Ngazi ikajikunja. Hakuna aliyegusa kitufe. Azhar alikuwa nami chini anakunja mpira. Akabonyeza rimoti yake. Akabonyeza tena, akapiga mlango ngumi. Ndani maji yakaanza kumwagika, tukamsikia Sarrah anazungumza na mtu, taratibu, kama wanawake wanavyozungumza jikoni. Halafu sauti ya pili ikaanza kuimba. Ya mwanamke. Nzito kidogo. Maneno ya zamani, mengine hata mimi siyajui.

Azhar akaniangalia. Tangu tujuane, hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniangalia kama mtu.

Mwingine angekimbia. Mimi nilipanda juu ya tairi nikachungulia dirishani. Sarrah alikuwa kaketi kitandani, kajifunga khanga, macho wazi yameganda. Nywele zake mbichi zilikuwa zinanyanyuka. Zinagawanyika njia. Zinasukwa.

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Sitasema nilianguka. Nilishuka haraka, tuseme hivyo.

Nilipogeuka Bi Somoe alikuwa amesimama nyuma yetu na kata yake mkononi. Hatukusikia hata jani.

"Mwenye maji alikuwa na nyumba yake," alisema. "Ninyi mmeitia magurudumu."

Azhar akamwita mchawi. Akasema ataleta polisi kutoka Kilindoni, wamvunjie na banda lake. Bi Somoe akayatazama yale mabuti.

"Lete. Wakifika, mkeo atakuwa keshamaliza kusukwa."

Nikamuuliza kwa kunong'ona, akishamaliza je?

"Bibi harusi akishasukwa huwa anafanywa nini, mwana wa Chiku? Huchukuliwa."

Kuanzia hapo Azhar hakutoa tena maneno ya polisi. Bi Somoe akasema kwanza maji yarudi, mpaka tone la mwisho. Nikaingia uvunguni mwa gari, nikaipapasa koki, nikaifungua. Sasa, mchanga wetu unakunywa kila kitu. Mimina ndoo, geuka, hakuna. Maji yale mchanga haukuyanywa. Yalikusanyika. Yakageuka. Yakatambaa kwenda kisimani, yakipita juu ya mkono wangu, baridi...

Yalikuwa na vidole.

Nilitoka uvunguni nimemwita Mungu kwa majina yake yote. Tanki likakauka, koki ikakohoa. Lakini juu kule kuimba hakukukoma. Bi Somoe alisikiliza, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso umemshuka.

"Maji yamerudi. Mwenyewe kakataa kushuka. Kaipenda nyumba."

Akamwamuru Azhar avue mabuti apige hodi.

"Nyumbani kwangu mwenyewe?"

"Si kwako."

Magharibi ilikuwa imeingia. Azhar akasimama peku mchangani, mlango uko juu ya kichwa chake. Akaita hodi. Akaita tena, na hiyo ya pili ilikuwa na hasira ndani yake. Mle ndani Sarrah akalia mara moja, kilio kifupi, kikakatwa. Hapo Azhar akavunjika. Akainamisha kichwa.

"Hodi... hodi, mwenyewe."

"Karibu."

Haikuwa sauti ya Sarrah.

Ngazi ikashuka pole pole. Bi Somoe akasema aliyekaribishwa haruhusiwi kurudi nyuma. Azhar akapanda. Nilimwona mlangoni akimshika mkewe mabega, akimsukuma nje kwa nguvu zake zote, na Sarrah akaniangukia kifuani, baridi kama samaki wa kwenye barafu. Mlango ukafungwa. Taa ikazimika. Injini ikawaka yenyewe, na lori likaondoka taratibu, likikwepa kila kichaka, kwa ustaarabu ambao Azhar hakuwahi kuwa nao.

Bi Somoe alichungulia kisimani. Akasema maji yamo, lakini hayana mtu. Kisha akanitemea mate miguuni. Mpaka leo haitiki salamu yangu.

Sarrah yuko kwa baba yake. Ile misuko hakuna msusi aliyeijua wala aliyeweza kuifumua, akanyoa kipara. Mjini wanasema ndoa ilishakufa siku nyingi, mume kakimbia na gari lake, na kuimba nilikosikia mimi ni redio. Sawa. Mimi ni mwongo wao wa kila siku, hadithi inawafaa. Ila waliokuwa gatini wanasema Azhar alivuka kwenda bara vizuri tu. Hakushuka garini. Aliwapungia mkono kupitia dirishani, na walipomuuliza mama aliyekaa pembeni yake ni nani, akapandisha kioo.

Juzi nilikuwa dukani kwa Hyderali, simu ya Sarrah ikaita. Ni Azhar. Yuko Tunduru, bara kabisa. Akasema gari ni zima, barabara nzuri, na tanki limejaa. Hajalitia maji hata siku moja na halipungui. Halafu akashusha sauti...

"Nipo mlangoni, Sarrah. Nataka kushuka. Tangu Mafia naaga, naomba ruksa. Mwenyewe haitiki."

Sarrah akanisogezea simu nimwambie la kufanya. Mimi, ninayemshauri hata kiboko, nikaitazama tu. Nyuma ya pumzi za Azhar mtu alikuwa anaimba.