Wafumaji wa Magoti ya Ma Kokugonza

Ndani ya kioo-mwili, kioo kinachoonyesha mwili kwa ndani, goti la Ma Kokugonza lilionekana likifumwa. Wafumaji, vijiroboti vidogo kuliko chembe ya damu, walisokota nyuzi tatu tatu za kolajeni, protini inayoushikilia mwili, kuwa kamba, kisha wakazikaza kamba hizo ziwe kano. Mwenye goti alikuwa na miaka themanini na mbili. Goti lenyewe lilikuwa kama la binti wa ishirini.

Dakta Kemilembe, aliyewabuni wafumaji hao, alikuwa bintiye. Siku nyingine angejisifu kidogo, na nani angemnyima? Lakini leo alisogeza kioo hadi kifuani mwa mama yake, akaona ukuta wa mshipa mkuu wa damu umekonda vibaya.

Kamba za kolajeni hazishikani bila mafundo, na mafundo hayo hutokana na laisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Chakula cha kawaida humtosha mtu wa kawaida. Wafumaji ni walafi, ndiyo maana kila aliyepandikizwa hao hupewa unga wa laisini wa kutia kwenye uji kila siku. Wakiukosa, wamefundishwa kuazima laisini kutoka sehemu nyingine ya mwili, wamalize kazi, kisha warudishe. Katika majaribio waliazima kidogo kwenye ngozi, wakarudisha. Hakuna aliyewaza kwamba mgonjwa angeukosa mwaka mzima, hadi wauazime mshipa mkuu bila kurudisha. Nani asiyekula dawa yake mwenyewe?

"Mama, ule unga unakula?"

"Tunakula, mwanangu."

"Mnakula na nani?"

"Na wenzangu wa jioni. Wanakuja hapa magoti yanawauma, wengine hata kizingiti kinawashinda. Sasa nikoroge uji, nitie dawa yangu, ninywe huku wananitazama? Mimi nimelelewa wapi?"

"Wako wangapi?"

"Aa, wakijaa hata viti havitoshi!"

Kemilembe alitaka kucheka, akashindwa. Kule maabara yeye na wenzake walifikiria homa, ajali, hata wezi wa mitandao ambao wangeweza kuwaamrisha wafumaji kwa mbali, wakawaziba masikio wasisikie amri ya mtu yeyote. Ukarimu hawakuufikiria. Sasa hata yeye hakuweza kuwaambia waache.

Alitoka nje, akampigia daktari wa upasuaji na kumtumia picha.

"Nitashona wapi, Kemi?" daktari alisema baada ya kuitazama. "Nyama ile haiwezi kushika uzi."

"Nikimpa laisini nyingi?"

"Hata akimeza mkebe mzima, itaishia magotini. Si ndivyo ulivyowafundisha? Pole sana."

Akarudi ndani, akamweleza mama yake yote bila kuficha. Ma Kokugonza alisikiliza huku akijipapasa goti.

"Kwa hiyo ni siku yoyote."

"Siku yoyote, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nilikuwa nabebwa kwenda msalani. Wenzangu je, wana hao wadudu wako mwilini?"

"Hawana. Kwao unga ni chakula tu."

"Basi usiwaambie. Watajiona wameniua, na wao wamekunywa walichopewa."

"Lazima nitangaze, mama. Mjini kuna wengine wanaogawa kama wewe."

"Tangaza. Jina langu liache."

Jioni wale wanawake wakaja kwa vicheko na malalamiko yao. Ma Kokugonza alikwenda jikoni bila mkongojo, akarudi amebeba sufuria ya uji. Alipoinama kuiweka chini, Kemilembe aliona uchungu ambao hakuna kipimo chake cha maabara kingeweza kuusoma. Alitamani kumshika mama yake, amketishe, amfunge kitini. Kisha afanye nini?

"Daktari, Mungu akubariki," alisema Ma Asteria, jirani wa nyumba ya pili. "Unga wako umenirudisha shambani."

Kemilembe alifungua kinywa, akatazamana na mama yake, akakifunga.

Ma Kokugonza aliufungua mkebe mpya ambao binti yake alikuwa amemletea asubuhi, akamimina unga kwenye sufuria bila kupima, akakoroga. Akawagawia wote, akianza na wakubwa. Mwisho akamfikia Kemilembe.

"Kunywa, mwanangu, utapoa."

Kemilembe alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa.