Umri wa Soulé

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Djaouharia alimbeba mdogo wake mgongoni na kumpeleka chuoni kusoma Kurani. Watoto wengine walikwenda kwa miguu yao, wakikimbizana kwenye vichochoro vya Moroni huku mbao zao za kuandikia zikigongana. Soulé hakukimbia. Alikuwa ametimiza miaka minne, lakini miguu yake ilikuwa myembamba na alichoka upesi. Aliyemwona kwa mara ya kwanza alimdhania mtoto wa miaka miwili.

Djaouharia alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye fahari, na hakupenda kuchekwa.

Siku moja jeep ya askari ilisimama karibu na soko. Ilikuwa ile miaka ambayo mamluki wa Kizungu waliwaongoza walinzi wa rais, na watu walipowaona walishusha sauti. Mmoja wao aliteremka kununua ndizi, akatoa biskuti akawagawia watoto. Alipofika kwa Soulé aliivunja biskuti vipande vidogo, kama anayemlisha asiye na meno, akasema kwa Kifaransa, "Bébé," mtoto mchanga.

Jeep ilipoondoka, Mmadi, mvulana wa mtaa wa pili, aliangua kicheko.

"Mmesikia? Hata mamluki ameona. Djaouharia, huyu mnamlisha nini kwenu, moshi?"

"Ana miaka miwili tu," Djaouharia alijibu haraka. "Ulitaka awe mrefu kama mnazi?"

"Miwili, na ameshaanza chuo?"

"Ana akili. Wewe ulianza na miaka kumi na bado hujui alifu."

Watoto wakamgeukia Mmadi na kumcheka yeye. Djaouharia akaona uongo wake umemlinda vizuri. Tangu siku hiyo, kila aliyemuuliza umri wa Soulé alimjibu hivyo hivyo. Mama yake alimsikia mara moja akimjibu jirani kwenye bomba la maji. Alimtazama binti yake, akainamisha kichwa, akaendelea kujaza ndoo.

Nyumbani kwao chakula kilikuwapo. Uani palikuwa na kuku, na palikuwa na mbuzi waliozaa. Lakini Mjomba Msa, kaka yake mama na mwenye mifugo ile, alikuwa akijiandaa kwa harusi kubwa, ile ambayo mwanamume wa Ngazidja, kisiwa chao, huingojea miaka mingi, kwani bila hiyo hahesabiwi mtu mzima mbele ya wenzake. Kila kitu cha nyumba kilitazama siku hiyo. Mayai hayakuliwa, yaliachiwa kuku waatamie ili vifaranga wawe wengi. Mbuzi hawakukamuliwa, maziwa yaliachiwa wana-mbuzi wanone. Mwana-mbuzi alinyonya mpaka akatosheka, na Soulé alikunywa chai ya rangi.

Jioni, sinia la wanaume lilitangulia likiwa na samaki. Kisha wanawake na watoto walizunguka sinia moja la wali na mchuzi mwepesi wa nazi. Soulé alikula polepole. Kabla hajameza tonge la tatu, mikono ya wakubwa ilikuwa imeshafika chini ya sinia.

Wiki chache baadaye muuguzi aitwaye Loutfia alikuja mtaani kuwapima watoto wadogo. Mama alikuwa mja mzito na miguu imemvimba, hivyo alimtuma Djaouharia. Foleni ilikuwa ndefu, na Mmadi alikuwa mtu wa pili nyuma yao akiwa na mdogo wake.

"Huyu ana umri gani, mwanangu?" Loutfia aliuliza.

Djaouharia alihisi macho ya Mmadi mgongoni.

"Miaka miwili, bibi."

Loutfia alimsimamisha Soulé kwenye ubao wa kupimia urefu, kisha akamning'iniza kwenye mzani. "Kwa miaka miwili, hana neno," alisema, akaita mwingine.

Aliyefuata alikuwa mtoto mfupi, wa kimo cha Soulé. Mama yake alipotaja miaka minne, Loutfia aliacha kila kitu. Alimketisha mama yule kando, akamuuliza mtoto anakula nini na anakula na nani, akampa unga wenye lishe na maziwa ya unga, akamwambia arudi kila wiki. Djaouharia aliona yote. Alielewa kwamba msaada ule ulikuwa wa Soulé pia. Alipaswa kurudi hatua chache tu na kusema kweli, lakini Mmadi alikuwa pale pale. Akampandisha mdogo wake mgongoni, akaondoka kichwa chini.

Kabla ya mwezi kwisha, Shangazi Zouhoura, dada yake baba, aliwasili kutoka mji wa Mutsamudu, kisiwa kingine, kusaidia matayarisho ya harusi. Alikuja na mwanawe Chanfi. Majirani walifika kumwamkia, na watoto wawili wale wakasimamishwa katikati ya ukumbi ili watazamwe. Kichwa cha Soulé kilifika kwapani mwa Chanfi.

"Mashallah, Chanfi amekuwa," alisema jirani yao, Kalathoumi. "Na Soulé akifika miaka minne atakuwa hivi hivi."

"Akifika?" Zouhoura alishangaa. "Hawa walizaliwa wiki moja, nyumbani kwangu, Mutsamudu. Mimi na mama yake tulikuwa tukilala kitanda kimoja na matumbo yetu. Nani kakwambia hajafika?"

"Djaouharia. Na ndivyo alivyomwambia muuguzi."

Macho yote yakamgeukia msichana. Djaouharia alitamani sakafu impokee. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Msimtazame yeye peke yake," mama alisema kwa sauti ndogo. "Nilimsikia nikanyamaza. Nami niliona aibu."

Mjomba Msa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kuwatazama mbuzi wake.

"Msa, ndugu yangu," Zouhoura alimwambia, "nyinyi wa Ngazidja husema mtoto ni wa mjomba wake. Basi mtazame mtoto wako."

"Wale mbuzi ni heshima ya nyumba nzima," Msa alijibu kwa ukali. "Mnataka niwaalike wakubwa wa mji niwape ndizi za kuchemsha?"

Djaouharia hakuwahi kumjibu mjomba wake hata siku moja. Alizungumza huku akitazama chini.

"Niwie radhi, mjomba. Mimi ndiye niliyedanganya. Lakini mwana-mbuzi amezaliwa mwaka huu, na Soulé hawezi tena kumzuia kwa kamba. Mwana-mbuzi ndiye anayemburuta."

Msa alimtazama Soulé kwa muda mrefu, akatoka bila kuaga.

Asubuhi alirudi. Alimbeba Soulé mwenyewe, akamwambia Djaouharia amfuate zahanati. Hakupita njia ya nyuma. Alikata katikati ya bangwe, uwanja ambapo wanaume wa mji hukaa na kuzungumza.

"Msa," aliita Mzee Sounhadj, "harusi bado na mtoto tayari? Wa miaka miwili huyo?"

Wanaume walicheka. Mjomba alisimama, akamgeukia Djaouharia. Djaouharia alijua jibu lilikuwa lake. Uso ulimwaka moto.

"Ana miaka minne, babu," alisema. "Miwili niliitunga mimi."

Mzee Sounhadj alimtazama tena mtoto.

"Ni mtoto wa dada yangu," Msa aliongeza. "Na ana njaa nyumbani kwetu."

Kule zahanati Djaouharia alimweleza Loutfia kila kitu, mpaka ile foleni na Mmadi. Loutfia alimpima Soulé upya.

"Amedumaa," alisema. "Tumbo lake linajazwa wali, lakini mwili haupati cha kujengea. Kamueni mbuzi. Apate yai, mbaazi zilizopondwa, kisamvu, hata dagaa wachache. Na apewe sahani yake mwenyewe, asishindane na wakubwa kwenye sinia."

"Atawafikia wenzake?" Msa aliuliza.

"Atapata nguvu, na ataongezeka. Kuwafikia, siwezi kukuahidi. Mwili hujengwa zaidi katika miaka ya mwanzo, na ya Soulé imeshapita. Lakini dada yako ana mwingine tumboni. Kwa huyo bado hatujachelewa. Mama naye ale vizuri tangu leo."

Djaouharia alilia. Alitaka kuambiwa kwamba kila kitu kitarudi kama kilivyotakiwa kuwa, na muuguzi hakumwambia hivyo.

"Sikiliza, mwanangu," Loutfia alisema, akimfuta machozi. "Mtoto kuwa mdogo si aibu yake, wala si yako. Ila mimi natibu ninachoambiwa. Uliponificha umri wake, ulimficha yeye. Siku nyingine ukiona aibu, ione, lakini useme kweli. Leo umesema mbele ya wanaume wa bangwe, na mimi sijui wakubwa wangapi wangeweza."

Siku ile ile Mjomba Msa aliamuru mbuzi wakamuliwe. Aliwaambia ndugu zake kwamba harusi itakuwa na nyama kidogo, na anayeona haimtoshi asije. Wengine walinung'unika. Zouhoura alichemsha mayai, akaponda mbaazi kwa tui la nazi, akaweka chakula kwenye sahani mbili, moja ya mama na moja ya Soulé.

Soulé aliitazama sahani yake bila kuigusa. Hakuwa amezoea. Kisha alimega yai, akamnyooshea dada yake nusu.

"Kula," Djaouharia alimwambia. "Lote ni lako."

Soulé akalitia lote mdomoni kwa haraka, macho yakiwa kwenye mikono ya wakubwa, kama anayengoja kunyang'anywa. Mjomba Msa aligeuza uso ukutani. Djaouharia hakugeuza wake. Alikaa karibu na mdogo wake, akamngoja mpaka akamaliza.