Viazi Mfukoni, Ubao Miguuni

Msimu wa theluji, kila siku baada ya shule, Zornitsa alipitia nyumbani, akala kipande cha mkate na jibini akiwa amesimama, akachukua ubao wake wa kutelezea kwenye theluji na kutoka kabla bibi yake hajapata la kumtuma. Juu ya kijiji chao cha Smrikovo, katika milima ya Rodope, Kocha Velko aliwafundisha watoto wa klabu mpaka jua lilipozama nyuma ya misonobari.

Zornitsa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hakuwa mgeni wa mchezo huo. Aliweza kukata kona kulia na kushoto na kusimama alipotaka, ingawa miteremko mikali ilikuwa bado ikimtisha. Kiangazi kilichopita alikuwa amerefuka ghafla, na ubao wake wa zamani sasa ulimfika kifuani tu.

"Kifaranga na kijiko chake!" Mladen, aliyesoma naye darasa moja, alimtania kila alipomwona na ubao ule mfupi.

"Subiri Novemba," Zornitsa alimjibu. "Utanitafuta."

Novemba ndipo familia za klabu zilipokusanyika katika ukumbi wa shule. Hakuna aliyenunua kitu. Uliacha ubao uliokuwa mdogo kwako, ukachukua ulioachwa na aliyekuzidi. Kocha Velko alileta mizani ya kupimia viazi akampima kila mtoto. Urefu peke yake hautoshi, alisema. Ubao unabeba kilo. Mwaka huo, siku chache kabla ya kupimwa, tangazo la klabu lilitaja mbao mbili tu za umri wao: mmoja wa sentimita 148, kwa aliyezidi kilo arobaini na tano, na mwingine wa 139.

"Chukua mkubwa, utakua nao," alishauri bibi yake, Nevena. "Viatu vyangu vya shule nilivivaa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza nilijaza sufi mbele."

Zornitsa alikuwa na kilo arobaini na mbili. Asubuhi ya kupimwa alishuka kwenye stoo, akajaza viazi katika mifuko yote ya koti lake.

"Arobaini na sita!" alisema Kocha, akiitazama tena mizani. "Bibi yako anakulisha kweli."

Mladen alipopanda, mizani ilisoma hamsini. Lakini ubao wa 148 ulikuwa tayari kwapani mwa Zornitsa.

"Chukua huu wa 139 kwa sasa," Kocha alimwambia. "Nikipata mwingine, nitakuletea."

Theluji ilipoanguka, Zornitsa aligundua kwamba ubao ule haukumtii. Alipoulazimisha kugeuka, ulienda moja kwa moja kama gogo. Alianguka kwa magoti, akaanguka kwa makalio, akajigonga kwenye wavu wa usalama wa pembeni.

"Binti yangu, una hakika na zile kilo?" Kocha alimuuliza.

"Nina hakika. Na ubao huu ninauweza!" Akajipangusa theluji, akapanda tena.

Mladen naye aliteseka. Ubao wa 139 ulikuwa mwembamba kwa buti zake kubwa. Ncha za buti zilijitokeza nje ya ubao na kukwaruza theluji kila alipokata kona. "Mladen kafunga breki!" watoto walicheka. Zornitsa alicheka kuwapita wote.

Jumamosi Kocha angechagua watoto wanne wa kwenda kwenye mashindano ya wilaya. Ijumaa jioni, akivua buti nyuma ya kibanda cha lifti ya kupandisha watu mlimani, Zornitsa alimsikia Mladen akisema kwa sauti ndogo, "Kocha, nitoe kwenye orodha. Nilidhani ninajua. Kumbe sijui."

Zornitsa hakucheka. Alifika nyumbani, akatundika koti karibu na jiko.

"Zornitsa!" Bibi aliita muda mfupi baadaye. Alikuwa ameshika kiazi kilichonyauka chenye machipukizi meupe marefu. "Tangu lini tunapanda viazi kwenye koti?"

Ikabidi aseme yote. Bibi aliketi.

"Mimi nilikwambia uchukue mkubwa, na hilo ni kosa langu," alisema. "Lakini viazi ni vyako."

Asubuhi, Zornitsa alisimama mbele ya klabu nzima, kiazi mkononi, kidevu juu.

"Kocha, siku ile ulipima viazi. Mimi nina arobaini na mbili. Mladen hajasahau kuteleza. Nimemchukulia ubao wake."

Kicheko kikalipuka. Hakuinamisha uso. "Chekeni, mkimaliza mnisaidie kufungua hizi skrubu."

Kocha Velko hakucheka. Alichukua bisibisi, akahamisha vifungo vya buti kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Ubao wa 139 ulimfika Zornitsa chini kidogo ya pua.

"Sikilizeni nyote," alisema akikaza skrubu ya mwisho. "Koti kubwa linaweza kumsubiri mtoto akue. Ubao hausubiri. Unakubeba ulivyo leo, kwa kilo ulizo nazo leo, na ukiudanganya, utaanguka wewe na ataanguka mwenzako. Mwakani tutapima tena. Zornitsa, ukaidi wako sitaki uuache. Ila usiutumie tena kulinda uongo."

Akamgeukia Mladen. "Jina lako halijatoka kwenye orodha. Sikulifuta."

Mladen alisimama juu ya ubao wa 148, akautikisa, akatabasamu kwa mara ya kwanza msimu ule. Kisha akautazama ubao wa Zornitsa.

"Kifaranga karudi kwenye kijiko."

"Mfupi, ndiyo. Ni saizi yangu," alisema Zornitsa, akivuta miwani yake machoni. "Nifuate, kama unaweza."

Akainama kidogo tu, na ubao ukageuka.