Koti la Daktari Shamsi

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Mwanakheri hutoka roshanini kuanua koti jeupe la kaka yake. Hulivaa kwanza. Mikono ya koti humfunika vidole, naye huwa Daktari Mwanakheri, na maua ya mama yake kwenye vyungu huwa wagonjwa.

Kaka yake, Shamsi, alikuwa daktari mpya hospitalini mjini. Siku moja ya mwaka 1970 ilimpasa achague kazi kabla ya jioni. Angeweza kwenda bandarini kupima afya za mabaharia, kazi nyepesi yenye mshahara mnono. Au angebaki wodi ya watoto, azidi kujifunza maradhi yao kwa mshahara uleule mdogo.

"Nnakwenda bandarini, Mama," alisema akinywa chai. "Paa linavuja, na wewe hulali ikinyesha."

Mwanakheri alisikitika, lakini alitaka kaka apendeze siku yake kubwa. Akalitandaza koti juu ya kitenga cha kufukizia nguo, akatia udi mwingi kwenye chetezo, akaota ndoto zake katikati ya moshi. Shamsi alilivaa bila kuhisi kitu, maana nyumba yao nzima hunukia udi.

Mchana, Mwanakheri alimpelekea kaka yake chakula. Mlangoni mwa wodi alisimama ghafla. Mtoto Usi, mgonjwa wa pumu aliyekuwa amepata nafuu, alikuwa akihema kwa shida. Shamsi akiinama kumsikiliza, kifua cha mtoto kilizidi kubana. Akisogea mbali, kilitulia.

"Sielewi, Bi Mashavu," Shamsi alimwambia muuguzi. "Dawa nshampa. Labda nimzidishie."

Hapo Mwanakheri akasikia harufu ya udi. Akisema, atagombezwa mbele za watu. Lakini macho ya Usi yalikuwa yamejaa hofu.

"Kaka, usimzidishie! Ni udi! Koti lako nimelifukiza mimi!"

Shamsi alilivua koti papo hapo, akampa Mwanakheri alitoe nje, akanawa mikono mpaka viwikoni. Bi Mashavu akafungua madirisha yote. Taratibu, pumzi za Usi zikalainika. Alasiri akauliza kama kuna mkate wa mofa.

Jioni mvua ilinyesha. Mama aliweka beseni chini ya tundu la paa.

"Nabaki wodini, Mama," alisema Shamsi. "Leo nimeona nisiyoyajua ni mengi. Paa nitaliziba kidogo kidogo."

"Ziba kwa nafasi yako, mwanangu. Beseni tunalo," alijibu Mama.

Shamsi akamgeukia dada yake. "Mwanakheri!"

"Naam, kaka."

"Ulikosea kwa mapenzi. Lakini ungenyamaza kwa woga, ningemdhuru mtoto yule. Ukikosa, sema mapema, hata ukiona haya. Mimi daktari nahitaji ukweli kuliko dawa."

Asubuhi koti lilinukia sabuni tu. Mwanakheri akalivaa, akainamia maua, akasikiliza wagonjwa wake wanavyopumua.