Mayai Moto ya Munigi

Yai moja lilikataa kumwagika.

Apolline alilitoboa kama mengine, akalitikisa juu ya sufuria, wapi! Ilitoka harufu tu, sawa soksi ya askari aliyetembea porini na buti zimelowa.

"Mama Élodie, umejamba?" Sylvie, jirani yake, akauliza huku ameshika pua.

"Jamba wewe! Ni yai."

Kwa choyo hakulitupa. Akashindilia karatasi, akaziba.

Masera Consuelo, mtawa kutoka Mexico, ndiye aliyewafundisha wanawake wa mtaa wa Murara karnavali ya kwao: kabla ya Kwaresima watu wale nyama, wavae vinyago, wapasuliane kichwani maganda ya mayai yaliyojazwa karatasi za rangi. Ni baraka, alisema. Lakini vita vilikuwa vimefunga barabara, mayai yatoke wapi? Wanawake wengine walileta mawili, matatu. Apolline akaleta kapu zima, kidevu juu: "Ya soko."

Ya soko gani! Aliyatoa kijijini Munigi, katika nyumba ya watu waliokimbia mabomu, chini ya kuku aliyekufa zamani, macho yameliwa na siafu, funza wakitembea ndani ya manyoya. Kuku baridi, mayai moto. Mwenye akili angekimbia. Yeye aliyapangusa kwa kitenge.

Jumanne, ngoma zikilia kwenye uwanja wa kanisa, akamvizia binti yake Élodie akicheza, akampasulia yai utosini, paa! Karatasi hazikuruka. Ukashuka ute wa kijivu wenye nywele na kaukucha kadogo ndani yake, ukatiririka shingoni mpaka ndani ya rinda, na uvundo ukasambaa hata waliokuwa wakitafuna brosheti za nyama wakazitema, na mutoto akachuchumaa katikati ya wachezaji, akakunja mikono makwapani, akaanza kulia kok, kok, kama kuku anayeatamia.

Mama Cibalonza, yule mwombezi anayefukuza mapepo, akainama sikioni mwa Apolline.

"Jini hii ina mwenyewe. Useme mbele ya batu, mayai yalitoka wapi. Ukisema kweli, itarudi kwao."

Apolline akatazama uwanja. Wakimbizi wa Munigi walikuwa humohumo, sahani mikononi. Mwizi wa wakimbizi! Sylvie angelifikisha jina hilo hadi mtaa wa Himbi kabla ya jua kuzama.

"Ku soko, mama. Haki ya Mungu."

"Mama," Élodie akanong'ona, ute ukimdondoka midomoni, "sema."

Apolline akampangusa midomo kwa kitenge, akarudia: "Ku soko." Cibalonza akaomba, akamwaga maji ya baraka, mutoto akanyamaza, akasimama. Watu wakapiga makofi. Apolline akashusha pumzi.

Kesho yake, Jumatano ya Majivu, Padri Rémy akaweka kidole gumba kwenye paji la uso la Élodie, achore msalaba. Kra. Ufa mwembamba ukakimbia kutoka nyusi hadi utosini, bila tone la damu, kidole kikazama, na padri alipokichomoa kinanuka, kinavuta ute, mstari wote wa mbele ukasikia, ndani ya kichwa cha mutoto, kitu kinadonoa, polepole, kinatafuta mlango.

"Munigi!" Apolline akapiga kelele, magoti chini. "Niliyaiba Munigi!"

Ndani, kikadonoa kwa haraka zaidi.