Mishale ya Chaki

Chaki ilikuwa imefutika. Kidoti alipapasa gome la mti aliouchora mshale jana, au labda haukuwa ule, akaona vidole vyake vimelowa tu. Mvua ilikuwa imeosha kila shina.

"Tafuta vizuri, fundi," alisema Redio, rafiki yake aliyepata jina hilo kwa kutofunga mdomo. "Si ulisema hata kipofu angerudi kwa alama zako?"

"Natafuta."

Kidoti alikuwa fundi cherehani. Chaki ya kuchorea vitambaa haikumtoka mfukoni hata siku ya mapumziko. Walipoingia msituni, mwenzao wa tatu, Bati, alitaka kutia alama kwa panga, Kidoti akamzuia: chaki inatosha, tena ni haraka. Miaka sita alikuwa akifurahi kwamba mistari yake hutoka nguo ikifuliwa. Hakufikiria kwamba msitu nao hufuliwa.

Walikuwa wamelipata kopo la mawe ya thamani, lile alilolifukia babu yake Redio enzi za uchimbaji. Wakacheza na kukumbatiana matopeni. Sasa walikuwa na utajiri na hawana njia.

"Nasikia kijito kule chini," alisema Bati. Yeye aliezeka mapaa, kimo hakikumtisha. Alitangulia kushuka jabali lenye ukungu wa kijani. Mguu ukateleza. Aliporomoka kimo cha nyumba, na walipomfikia, mfupa wa paja ulikuwa umetoboa suruali.

Kidoti alichana mtandio wake, akafunga mguu kwa vijiti viwili.

"Shona popote, fundi," Bati alisema kwa meno yaliyobana, "ila mdomo niachie."

"Nyamaza, usimalize pumzi."

Walimbeba kwa mashati yaliyofungwa kwenye miti miwili. Kila hatua ilimtoa sauti ambayo Kidoti hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Kijito kilipita chini ya genge lisiloshukika, wakabaki kulamba matone ya mvua kwenye majani. Kesho yake homa ilimpanda Bati. Redio alifungua kopo, akayatazama yale mawe, akayamwaga matopeni. Akalikinga kopo chini ya majani mapana, tone baada ya tone. Alikinga hivyo mpaka jioni.

Asubuhi ya tatu mguu ulikuwa umevimba na kunuka.

"Nenda ukatafute watu," Kidoti alimwambia Redio. "Leo jua limetoka. Asubuhi tulipoingia lilikuwa mgongoni. Sasa lifuate usoni. Likivuka utosi, liweke mgongoni."

"Nitarudije?"

"Vunja matawi." Akainamisha uso. "Usichore."

Wakabaki wawili. Kidoti alimfukuzia nzi kwa jani.

"Kidoti."

"Nipo."

"Mama akiuliza, mwambie niliteleza. Ya chaki yaache huku huku."

"Kunywa kwanza."

"Niahidi, bwana."

Alimwinua kichwa, akamwekea kopo mdomoni. Bati akameza mara mbili, mengine yakamwagika shingoni. Kidoti hakuahidi. Jua lilipofika utosini, kifua cha Bati kilipanda, kikashuka, na Kidoti akangoja kipande tena. Akangoja sana.

Wapasua mbao walifika jioni. Redio aliwatangulia na machela, akipiga kelele tangu mbali: "Bati! Mzembe wewe, amka, usafiri umefika!" Alipomwona Kidoti bado ameushikilia ule mguu kwa mikono miwili, kana kwamba utaumia akiuachia, akaitua machela chini.

Siku ya pili baada ya mazishi, Kidoti alikwenda kwa mama yake Bati. Katika nyumba ile hakuwahi kusema zaidi ya salamu, kwa haya. Alimkuta chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, akikunja suruali za kazi za mwanawe.

"Mama, watu wanasema aliteleza," alianza akiwa bado mlangoni. "Aliteleza kweli. Lakini njia niliipoteza mimi." Akaeleza yote, chaki, mvua, na panga alilolikataa.

Mama hakuinua uso. Suruali aliyokuwa ameikunja aliikunjua, akaikunja upya.

"Alikunywa maji?"

"Alikunywa, mama. Mara mbili."

"Nani alimnywesha?"

"Mimi."

Mama alisogeza zile nguo, nafasi ikapatikana kitandani.

"Kaa," alisema.

Kidoti akakaa.